Kutoka Benchi la Kanisa hadi Bajeti ya Kaunti: Mwongozo Kamili kwa Kundi Dogo la Wakristo

Mara ya kwanza kundi letu kwenda kwenye kikao cha bajeti ya kaunti tulikuwa watu kumi na wanane, na tulikuwa tumefunga tangu asubuhi. Mzee wetu wa kanisa akapewa kipaza sauti. Akasema maisha ni magumu, dawa hakuna, barabara mbovu, polisi wanakula hongo, karo imepanda, vijana wanamalizwa na pombe. Ukumbi ukampigia makofi. Karani aliyekaa mbele na kalamu hakuandika hata neno. Nilikuwa karibu naye, nikaona anachora maua pembeni mwa karatasi.

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Baadaye nilimwelewa yule karani. Angeandika nini? Polisi na karo si kazi ya kaunti. Barabara ipi? Dawa gani, zilikosekana wapi, tangu lini? Tulikuwa tumepeleka kilio, na kitabu cha bajeti hakina safu ya kilio.

Mwongozo huu ni wa Kenya, kwa maana sheria na tarehe zilizomo ni za kaunti zetu 47. Sina la kusema juu ya nani apigiwe kura. Uchaguzi huja mara moja kwa miaka mitano, na huko Wakristo tuna kelele za kutosha. Bajeti huja kila mwaka, na ndiyo inayoamua kama mama atajifungulia kwenye mwanga wa stima au wa tochi ya simu. Huko ndiko kanisa haliendi.

Hatua ya kwanza: malizeni ubishi wa Maandiko, tena upesi

Ukitangaza kundi kama hili, Jumapili hiyo hiyo kuna mtu atakutolea Warumi 13: kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Usimkwepe. Msome naye hadi mstari wa nne, ambapo mtawala anaitwa mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako. Mtumishi hudaiwa hesabu. Kisha muulize: hapa Kenya mamlaka iliyo kuu ni ipi? Ibara ya 1 ya Katiba inasema mamlaka yote ni ya wananchi, na Ibara ya 10 inaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Anayekwenda kutoa maoni kuhusu bajeti hajaiasi mamlaka. Ameitii kuliko yule aliyebaki nyumbani.

Mwingine atasema sisi ni wapitaji tu hapa duniani. Huyo mpeleke kwa Yeremia 29. Wayahudi wako uhamishoni Babeli, mji wa wapagani uliowateka, na nabii anawaandikia wautakie mji huo amani na kuuombea, kwa kuwa amani yao imo ndani ya amani yake. Mpitaji naye hunywa maji ya kisima cha mahali anapopita.

Wakatoliki wana njia yao ya kufika hapo. Papa Pius XI aliandika mwaka 1931 kwamba jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya yenyewe lisinyakuliwe na chombo kikubwa zaidi, na Mkatoliki wa Kenya akilisikia hilo anasikia ugatuzi. Wapentekoste niliofanya nao kazi wanampenda zaidi Nehemia, liwali aliyekaa miaka 12 bila kula posho ya cheo chake kwa sababu watu walikuwa wameelemewa. Kila mmoja ale kwenye sahani yake, bora mfike kazini. Jioni moja inatosha. Sisi tulibishana miezi mitatu, na tulipomaliza tarehe za bajeti za Februari zilikuwa zimepita.

Hatua ya pili: kundi la watu saba, na mchungaji asiwe mwenyekiti

Saba wanatosha. Watu hamsini ni mkutano wa injili. Mtafute muuguzi au mwalimu mstaafu aliyewahi kuandika ripoti za serikali. Mama mwenye kibanda sokoni, kwa maana hakuna habari isiyompitia. Mwanabodaboda anayejua kila kidaraja. Kijana anayeweza kufungua faili la kurasa 300 kwenye simu bila kuchoka. Na mweka hazina wa kanisa, ambaye macho yake yamezoea safu za tarakimu. Wawili waliobaki watajitokeza wenyewe.

Mchungaji au paroko abaki mlezi. Akiwa mwenyekiti, kila swali kwa kaunti litasomeka kama vita vya kanisa na gavana, na siku atakapohamishwa kundi litakufa. Ombeni barua ya baraza la kanisa inayolitambua kundi na kueleza kazi yake katika sentensi mbili. Hiyo barua itawafungulia milango msiyoitarajia.

Andikeni pia kanuni mbili na kila mtu azitie sahihi. Anayetaka kugombea kiti chochote anajiuzulu kundini siku anapoamua, asingoje siku anapotangaza. Na hakuna anayepokea nauli, chakula cha mchana wala fulana kutoka kwa mwanasiasa kwa kazi hii. Kanuni hizi zinaonekana kali mpaka mkumbuke tulikotoka. Baada ya damu iliyomwagika kwa ajili ya uchaguzi, 2007 na 2008, baada ya watu waliojificha kanisani Kiambaa, Eldoret, kuchomwa humo siku ya Mwaka Mpya, viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikiri hadharani kwamba waliegemea pande na wakaomba radhi. Kanisa lililoegemea upande halikuwa na sauti ya kusema “acheni” siku neno hilo lilipohitajika.

Mkiweza, mchukueni mtu wa kanisa jingine, na jirani Mwislamu pia. Kituo cha afya hakiulizi ubatizo, na Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Ombi linalonufaisha waumini wenu peke yao, kama kiwanja cha kanisa au ua wa parokia, halina nafasi katika kazi hii.

Hatua ya tatu: jueni mlango wa kubisha

Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi. Kaunti inashika hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati, barabara za kaunti, maji, kilimo na mifugo, masoko, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na leseni za pombe. Serikali ya kitaifa ina polisi, mahakama, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu na hospitali za kitaifa za rufaa. Mbunge ana mfuko wa eneobunge, ambao mara nyingi hujenga madarasa. MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, hana mfuko wake kisheria, hata akijisifu vipi kwenye matanga; kazi yake ni kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kuichunguza kaunti.

Chukueni malalamiko yote ya kanisa, mwandike kila moja kwenye kijikaratasi, kisha mpange mirundo mitatu sakafuni: kaunti, taifa, mbunge. Tulipofanya hivyo, nusu ya lile tulilolisema ukumbini halikuwa la kaunti hata kidogo. Leseni za pombe zilikuwa za kaunti, na hatukujua. Miaka yote tulikuwa tukimlaumu chifu.

Hatua ya nne: jambo moja, na daftari

Chagueni jambo moja. Nasema moja nikijua mtabishana. Kigezo chetu kilikuwa: je, linamuumiza maskini kuliko wengine, ni la kaunti, na laweza kutengenezwa ndani ya mwaka mmoja wa fedha? Barabara ya kilomita thelathini haipiti kigezo cha tatu. Taa ya chumba cha kujifungulia inapita.

Kisha hesabuni. Hapa Wakristo wengi hukosa subira, kwani tumezoea ushuhuda, na ushuhuda ni wa mtu mmoja. Nunueni daftari. Kwa miezi mitatu watu wawili wapite kituoni kwa siku mlizopanga, waandike tarehe, saa, walichokiona na nani aliyekiona. Mwanzoni kabisa nendeni kwa msimamizi wa kituo na barua yenu ya baraza, mwelezeni nia yenu, mwombe ruhusa. Muuguzi akihisi mnamchunguza yeye atafunga mdomo, na ana haki. Mwambieni wazi kwamba mnataka aletewe vifaa. Msipige picha za wagonjwa. Msiandike jina la mgonjwa hata kama ni dada yenu. Msinukuu mtumishi wa kaunti kwa jina. Anaweza kuhamishiwa mbali kwa sababu ya sentensi moja.

Wanakamati wa kituo, wale wawakilishi wa jamii, huwa wanajua mengi na hawaulizwi. Kaeni nao. Mwishowe tafuteni bei: maduka matatu mjini, karatasi tatu za bei. Ombi lenye bei hutazamwa kwa jicho jingine.

Hatua ya tano: kalenda

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mwenye kuanza kuuliza Juni amechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, nazo ndizo kalenda yenu ya liturujia kwa kazi hii.

Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapelekwa bunge la kaunti. Mradi usiotajwa humo utapata taabu baadaye, kwa hiyo miezi ya Julai na Agosti ndiyo ya kuingiza jambo jipya. Kufikia 28 Februari unakuja waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiasi cha juu ambacho kila idara itapata. Afya ikipunguzwa hapa, kupiga kelele Mei ni kazi bure. Kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yanafika bungeni, na kamati ya bajeti inapaswa kusikiliza wananchi. Kufikia 30 Juni bajeti imeidhinishwa. Mswada wa fedha, wenye ada za soko na leseni, hufuata ndani ya siku 90. Juu ya hayo yote umo mpango wa miaka mitano, ambao ofisini wanauita CIDP; wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mkikuta jambo lenu limo ndani yake, andikeni ukurasa. Ni kama kushika hati ya ahadi.

Matangazo ya vikao huwekwa gazetini, kwenye tovuti ya kaunti, au ubaoni nje ya ofisi ya wadi, mara nyingine siku chache tu kabla. Mpeni mtu mmoja kazi ya kupita ubaoni kila Jumatatu. Mkitaka nyaraka na mkaambiwa “kuja wiki ijayo” mara mbili, acheni kuja. Andikeni ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inaruhusu ombi kwa Kiswahili, hamlazimiki kutoa sababu, hakuna ada ya kuomba zaidi ya gharama ya nakala, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Barua ni fupi:

*“Sisi wakazi wa wadi hii tunaomba nakala ya makadirio ya bajeti ya idara ya afya ya mwaka huu wa fedha, pamoja na orodha ya miradi ya afya ya wadi yetu na kiasi kilicholipwa kwa kila mmoja. Tunaomba kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Tutapokea kwa barua pepe au kuchukua ofisini.”*

Tarehe, majina mawili, simu, sahihi. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri mrudi nayo. Wakikataa au wakinyamaza, lipelekeni kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki za Kiutawala, ile ya Ombudsman. Haitozi.

Nina jambo la kando hapa. Milango hii yote ilifunguliwa na Katiba ya 2010, na wengi wa maaskofu na wachungaji wetu waliipigia kampeni ya “La” kwa ajili ya mahakama za kadhi na kifungu cha uavyaji mimba. Wananchi wakaipitisha kwa takriban asilimia 67. Sisemi walikosea kusimamia dhamiri zao. Nashangaa tu kwamba walioshindwa siku ile walikwenda nyumbani, na miaka mingi baadaye bado hatujaugusa mlango ambao wengine walitufungulia.

Hatua ya sita: kuandika, kama binti za Selofehadi

Soma Hesabu 27 kabla ya kuandika ombi lolote kwa serikali. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Wamechagua mahali penye mamlaka, na hadharani. Wanaanza na habari iliyothibitika: baba yetu alifia jangwani, hakuwa na wana wa kiume. Wanaziba mapema tuhuma ambayo ingetumiwa dhidi yao: hakuwa katika genge la Kora. Wanaonyesha dhuluma iliyo ndani ya sheria kwa swali moja: kwa nini jina lake lifutwe? Kisha ombi, na ni moja: tupeni milki pamoja na ndugu za baba yetu. Musa hakukasirika wala hakuwaahidi chochote. Alilipeleka shauri lao kwa BWANA, na jibu likawa kwamba wamenena haki. Likageuka sheria kwa Israeli wote.

Hakuna matusi, hakuna historia ndefu ya taabu, hakuna mambo saba. Waraka wenu uwe wa ukurasa mmoja wenye sehemu zile zile. Mfano huu una tarakimu za kubuni; wekeni zenu:

*Kwa: Karani wa Bunge la Kaunti (kwa Kamati ya Bajeti)*
*Kuhusu: Umeme wa akiba katika chumba cha kujifungulia, Kituo cha Afya cha (jina), Wadi ya (jina)*

*Sisi ni kundi la wakazi saba wa wadi hii, tunaotambuliwa na makanisa mawili na msikiti mmoja. Hakuna miongoni mwetu mwenye zabuni ya kaunti wala anayegombea kiti.*

*Kati ya 1 Septemba na 30 Novemba tulifika kituoni usiku 24. Usiku 9 stima ilikuwa imepotea, na mara zote 9 hapakuwa na mwanga mwingine ila simu. Nakala ya daftari letu imeambatishwa.*

*Tunafahamu kwamba jenereta ilinunuliwa. Tuliiona. Haina mafuta kwa kuwa kituo hakina mgao wa mafuta.*

*Mpango wa miaka mitano, ukurasa wa (namba), unaahidi nishati ya jua kwa vituo vya afya vyote. Makadirio ya mwaka huu, ukurasa wa (namba), hayana mgao huo kwa wadi yetu.*

*Tunaomba Sh 380,000 ziwekwe chini ya idara ya afya, matumizi ya maendeleo, kwa paneli na betri za chumba hicho. Bei za maduka matatu zimeambatishwa. Tunapendekeza zitolewe katika fungu la samani za ofisi, ukurasa wa (namba).*

Tazama aya ya tatu: ndiyo “hakuwa katika genge la Kora” yenu. Afisa yeyote angesimama na kusema jenereta ipo. Mmemtangulia. Na ile sentensi ya mwisho, ya kuonyesha pesa zitoke wapi, ndiyo inayowatenganisha na waombaji wengine mia. Jumla ya bajeti haiongezeki kwa maombi yenu, kwa hiyo anayeomba kuongezewa aonyeshe pa kupunguza.

Andikeni kwa Kiswahili bila aibu. Ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7. Mistari ya Biblia iacheni nyumbani. Imewaleta hadi hapo, lakini kamati ina watu wa kila dini na wasio na dini, na hoja isiposimama bila mstari haitasimama na mstari.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Fikeni kabla ya saa iliyotangazwa na mtie sahihi kwenye rejista, kila mmoja kwa jina lake. Rejista ndiyo ushahidi kwamba mlikuwapo. Mtakuta waliobebwa kwa basi wakiwa na fulana za rangi moja, wameambiwa wapige makofi kwa nani. Wasalimieni. Wengine ni washirika wenu wa Jumapili, na siku hiyo walihitaji mia tano.

Asimame mmoja. Jina, wadi, tatizo, daftari, ombi, ukurasa, kisha akae. Dakika mbili zinatosha. Akipigiwa makofi asiendelee. Aliyetuharibia safari ya pili, na alikuwa mimi, aliongeza neno juu ya gavana baada ya makofi, na mwenyekiti akatumia neno hilo kutunyamazisha sote. Mkimaliza mpeni karani waraka mkononi, nakala yenu ipigwe muhuri. Maneno ya ukumbini huyeyuka, muhuri hubaki.

Msidharau vikao hivi kwa kuwa vimejaa maigizo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo makarani wanaziheshimu rejista.

Hatua ya nane: kurudi

Nusu ya kazi iko hapa, na makundi mengi hufia hapa. Binti za Selofehadi walishinda katika Hesabu 27. Lakini fungua Yoshua 17: Musa amekwisha kufa, nchi inagawanywa, na wanawake hao wanasimama tena mbele ya Eleazari na Yoshua kusema kwamba BWANA alimwamuru Musa awape urithi. Sheria ilikuwapo. Shamba halikuwapo. Ilibidi waende kulidai kwa kunukuu uamuzi wenyewe. Na katikati, katika Hesabu 36, wakuu wa jamaa walileta hoja ya upande wa pili, wakihofia ardhi itahamia kabila jingine kwa ndoa, na amri ikarekebishwa. Jiandaeni kwa hilo pia. Wadi ya jirani ina haki ya kuuliza kwa nini nyinyi na si wao, na pengine wana hoja.

Kwa vitendo: Julai, tafuteni bajeti iliyoidhinishwa na mwangalie kama tarakimu yenu imo. Imo? Msishangilie bado. Bajeti ni ruhusa ya kutumia, na pesa hazijatoka. Kila robo mwaka Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti ya matumizi ya kila kaunti. Tafuteni idara ya afya na mlinganishe kilichopangwa na kilichotumika. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iwe ya maendeleo, na kaunti nyingi hupanga vizuri kisha mishahara na safari zikatangulia. Mkandarasi akifika, ombeni ofisini nakala ya orodha ya vifaa, mwende mhesabu paneli juu ya paa. Kuhesabu paneli hakuhitaji digrii.

Haimo? Mwandikieni MCA, “Mheshimiwa, tuliwasilisha waraka tarehe fulani, nakala yenye muhuri hii hapa, tunaomba kujua kamati iliamua nini na kwa nini.” Swali hilo la upole ni gumu kulikwepa. Likikosa jibu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inawapa haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi rasmi. Maandamano nayo ni haki, Ibara ya 37, kwa amani na bila silaha. Polisi hupewa taarifa kwa maandishi si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku kumi na nne kabla. Mimi huyaweka mwisho. Sijui kundi la watu saba lililowahi kuyahitaji baada ya kuandika barua nne nzuri, ingawa Juni 2024 vijana walionyesha taifa zima kwamba kuna siku barua hazisomwi.

Hatua ya tisa: Jumapili mheshimiwa akija

Atakuja. Mkianza kuuliza maswali yenye kurasa, atakuja na harambee. Baraza la kanisa liamue kabla, kwa maandishi, asiachiwe mchungaji aamue mbele ya kamera.

Mheshimiwa ni mwabudu kama wengine. Anakaribishwa, anakaa penye nafasi, hatajwi zaidi ya wageni wengine. Hapewi kipaza sauti ndani ya ibada. Kanisa la Kianglikana lilitangaza msimamo huo Septemba 2021 kupitia Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, na Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi la Kanisa Katoliki liliagiza mchango wa Rais kwa parokia moja urudishwe. Kwa hiyo mkikataa hamtakuwa wa kwanza. Anayetoa sadaka aiweke kapuni kama mjane, bila kutangazwa kiasi. Bahasha ya mchungaji irudishwe siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi wawili.

Akitaka kuzungumza na watu, mwambieni hivi: “Mheshimiwa, tunashukuru umekuja kuabudu nasi. Kundi letu lina kikao ukumbini Jumanne saa kumi, lina maswali matatu kuhusu kituo cha afya, tunaomba uje na majibu.” Wengine hawaji. Mmoja alikuja kwetu na msaidizi mwenye faili, tukamaliza kwa saa moja jambo lililokuwa limetushinda mwaka mzima, wala hapakuwa na picha hata moja.

Mwaka wa uchaguzi ni 2027, na kalenda ya bajeti haisimami kwa ajili ya kampeni: makadirio yatafika bungeni Aprili na kuidhinishwa Juni, wiki chache kabla ya kura, macho ya kila mtu yakiwa kwenye mabango. Wekeni kila kitu kwenye faili moja la kadibodi: daftari, nakala zenye mihuri, barua, bei za maduka, namba za kurasa. Faili likae ofisini kwa kanisa, si nyumbani kwa mtu. Katika ukurasa wa juu andikeni tarehe tatu, 1 Septemba, 28 Februari, 30 Aprili, na jina la mwenye zamu ya kupita ubaoni Jumatatu ijayo.